Siku Tanuru la Mama Neema Lilipotembea

Wadogo zangu wa darasa la saba, kamwene.

Mwalimu wenu alikuja nyumbani kuniomba nije kuzungumza nanyi kuhusu kazi yangu ya zamani. Alisema anawaalika wastaafu wa kata yetu, mmoja mmoja, waongee na ninyi kabla hamjamaliza shule. Nikamwambia mimi kusimama mbele ya watu siwezi. Akasema, "Basi andika, nitawasomea." Kwa hiyo sauti mnayoisikia ni ya Mwalimu, ila aibu ni yangu. Mwalimu, usome polepole. Niliandika polepole, na ukikimbia utaniacha nyuma.

Najua mmeshaanza kucheka. Mstaafu mnayemjua ni babu mwenye mkongojo na kofia ya sufu, na mimi mnakutana nami bombani nikiwa na ndoo kichwani na nyingine mkononi. Sina hata unywele mmoja mweupe. Lakini kazi yangu imezeeka ikaisha, mimi nikabaki. Mtu ambaye kazi yake imeisha kwa heshima anaitwa mstaafu, na kama mna jina jingine, niandikieni.

Nilikuwa mlinzi wa mnara wa moto. Ule mnara wa chuma ulioko kilimani juu ya kijiji chetu, ambao sasa ninyi mnapanda kwa siri mkitafuta mtandao wa simu. Msidhani sijui. Nikiwa juu kule niliona kila kitu, na mazoea hayo hayajaniisha.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Kutoka njia ya Njombe mpaka upande wa Makambako kuna miti: paina, milingoti, ya shamba kubwa na ya watu binafsi. Kiangazi majani yakikauka, cheche moja inatosha. Kwa hiyo anawekwa mtu mahali pa juu kuliko wote, anaangalia kutwa, na akiona moto anasema kwenye redio koli. Kuangalia na kusema, basi. Kuangalia niliweza tangu siku ya kwanza. Kusema ndiko kulikonitoa jasho kwenye baridi ya Njombe.

Kabla ya hapo nilikuwa nauza viazi vya kuchemsha stendi ya Makambako. Mjomba wangu alinitafutia nafasi hiyo baada ya mimi kumaliza la saba, kama ninyi mtakavyomaliza. Basi likisimama, wenzangu wanakimbilia madirishani: "Viazi vya moto! Dada, viazi! Kaka, na chumvi nakuwekea!" Mimi nasimama na beseni langu karibu na gurudumu, namtazama abiria machoni, nangoja atambue mwenyewe kwamba ninauza. Hakuna aliyetambua. Jioni nilikuwa narudi na beseni lile lile, viazi vimepoa, na mjomba ananiuliza, "Mwanangu, ulivipeleka kutembea?"

Niliposikia kuna kazi ya kukaa peke yako juu ya mnara, niliona Mungu amenijibu kwa jina langu. Nilifikiri huko hakuna kuongea. Hakuna aliyeniambia habari ya redio koli mpaka nilipofika juu.

Aliyenifundisha ni Mama Neema. Wengi wenu mnamjua, ni yule anayewafukuza mkipita kwenye njegere zake. Alikuwa amekaa kwenye mnara ule miaka mingi, na sauti yake ilitoka juu mpaka kijijini bila redio. Siku ya kwanza nilipanda ngazi nimebeba chupa ya chai mkono mmoja na mfuko wa chakula mkono mwingine. Nilifika katikati, upepo ukaja, mnara ukayumba. Nikabaki pale nimekumbatia chuma kwa viwiko kama kinyonga.

"Wee binti!" akaniita kutoka juu. "Mikono umeileta ya kazi gani?"

"Ya kubebea chai, mama."

"Na ya kupandia umeiacha kwa mama yako?"

Tangu siku hiyo nilijifunza: vitu vinapanda kwa kamba, mtu anapanda kwa mikono. Na chai unakunywa kidogo. Mnara hauna choo, na ngazi ile ukiishuka kwa haraka unafika chini ukiwa umejiumiza au umechelewa.

Kule juu kulikuwa na kibanda chenye madirisha pande zote. Katikati palikuwa na meza ya duara, imezungushiwa namba za dira, na juu yake kipande cha chuma chenye waya mwembamba wa kulengea. Ukiona moshi, unazungusha kile chuma mpaka waya ukate mguu wa moshi, kisha unasoma namba. Mnara wa pili, ulioko upande wa Makambako, nao unasoma namba yake. Kwa redio mnapeana, na pale mistari miwili inapokutana kwenye ramani ndipo penye moto. Mstari mmoja peke yake unakuambia tu uko upande gani. Haukuambii ni mbali kiasi gani.

Kwenye mnara wa pili alikuwepo Kaka Festo, mzaliwa wa Mlangali kule Ludewa. Kwa miaka yote ya kazi sikuwahi kumwona. Nilimjua kwa sauti, nzito na ndefu, nikadhani mwenyewe ni mrefu kama mlingoti. Kila asubuhi alinisalimu, "Mnara wa Kwanza, kamwene, mmeamkaje huko?" Mimi nilijibu kwa kubonyeza kitufe mara moja, ikalia kwaa. Akazoea. Akawa anasema, "Nimekupata, nawe ubarikiwe."

Sasa niwafundishe moshi. Mwalimu, hapa wape nafasi ya kuandika.

Moshi unasimama, ukungu unalala. Asubuhi za mwezi wa saba ukungu unajaza mabonde mpaka vilima vinaonekana kama visigino vya watu waliolala wakafunika kichwa. Usiuogope. Vumbi linakimbia pamoja na barabara, kwa sababu linafuata lori la mbao. Moshi mweusi upande wa Makambako ni mtu anachoma matairi, mwachie balozi wake wa nyumba kumi. Moshi wa jikoni ni mwembamba, wa buluu, na kila nyumba ina saa yake. Mimi nilijua nani ameamka na nani bado. Nilijua nyumba ambayo mume anawasha moto siku mke akiwa na hasira. Sitataja, maana watoto wa nyumba hiyo wako humu darasani.

Na darubini ni ya mwisho. Mgeni anaikimbilia, anaiweka machoni, anaona jani moja vizuri sana na msitu wote unaungua pembeni. Anza na macho.

Lakini fundisho kubwa la Mama Neema lilikuwa sweta. Alikuwa anafuma kutwa nzima kule juu. Siku za mwanzo nilimwona mvivu, mtu amelipwa kuangalia na yeye ameinamia sindano. Kumbe nilikuwa sijaelewa. Mtu akikodoa macho kwenye msitu bila kupumzika, baada ya muda haoni kitu. Anaona miti tu, na kila mti unaanza kufuka. Kwa hiyo Mama Neema alifuma mstari mmoja, akifika mwisho anainua uso na kuangalia upande wa mashariki wote. Mstari wa pili, kusini. Hivyo hivyo mpaka anazunguka dunia na kurudi alipoanzia. Mgongo wa sweta moja ulikuwa na siku kadhaa ndani yake.

Na ulikuwepo mtihani wa mstari. Ukiona moshi unaoutilia shaka, usipige kelele. Weka waya kwenye mguu wake, kaa chini, fuma mstari mmoja kwa mwendo wako wa kawaida, kisha angalia tena. Jiko halihami. Tanuru la matofali halihami. Mlevi akiwasha sigara yake halafu moshi ukahama, ni yeye anatembea. Lakini moto wa nyika una miguu. Ukikuta mguu wa moshi umeuacha waya, huo ni moto, sema.

"Kwa nini mstari mmoja, mama?" nilimuuliza.

"Mistari miwili, msitu umekwisha. Nusu mstari, umewasumbua watu."

Mama Neema alipostaafu, akashuka na mafurushi yake ya nyuzi, nikabaki peke yangu. Wiki hiyo hiyo nikawasumbua watu.

Ilikuwa mwezi wa nane. Nilikuwa nimeinama kumimina chai, nikainua uso nikaona wingu la njano linapanda kutoka katikati ya paina. Kubwa, linajikunja, linasukumwa na upepo. Sikuchukua sindano. Sikuweka waya. Nilibonyeza kitufe nikasema neno moja, "Moto!" na nikashangaa kwamba limetoka. Nilijisikia fahari. Nilijiona kama wale wenzangu wa stendi.

Gari la kikosi likaja na vijana wote, pampu za mgongoni, mapanga, matawi. Kiongozi wao alikuwa Kaka Mgaya, mtu mnene anayependa utani. Wakaingia kwenye paina. Baada ya muda nikasikia redioni mtu anapiga chafya. Halafu mwingine. Halafu Kaka Mgaya akasema, "Mnara wa Kwanza, moto wako tumeukuta. Umetuingia puani."

Ilikuwa chavua. Paina zikiwa kwenye maua yake, upepo ukizitikisa zinatoa unga wa njano kama mtu amekung'uta gunia la dona. Vijana walitoka msituni wana nyusi za njano. Walipita chini ya mnara wakiimba kwa pua zilizoziba.

Jioni meneja wa shamba akaja. Hakunipigia kelele, na afadhali angepiga. Alisema, "Binti, gari lile likikukimbilia chavua, siku hiyo moto wa kweli ukiwaka kwingine hakuna gari. Ukiliita tena kwa kitu kisichoungua, utashuka kwenye mnara huu, na hutapanda tena."

Nilirudi juu nikakaa. Kushuka pale maana yake ilikuwa kurudi stendi, kwenye gurudumu la basi, na beseni. Duniani palikuwa na mahali pamoja tu ambapo ukimya wangu ulikuwa kazi, na nilikuwa nimebakiza kosa moja nipakose. Nikaapa kwamba kitufe kile sitakigusa tena isipokuwa moto uje wenyewe kuniomba.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Mama Neema alikuwa anajenga nyumba ya matofali. Alikuwa amefyatua kiangazi chote, akapanga tanuru kubwa chini ya kilima, karibu na shamba lake la paina. Paina zile alizipanda Neema akiwa mgongoni. Ndizo zingekuwa kenchi za paa, milango na madirisha ya nyumba hiyo. Yaani nyumba yake yote ilikuwa pale bondeni, nusu imesimama kama miti na nusu inaiva tanuruni.

Siku aliyowasha alikuja chini ya mnara, akainua uso.

"Wee! Ukiona moshi kwangu usiniletee lile gari. Ni tanuru. Nimeshamwambia meneja, nimemwambia Mgaya, nimetangaza mpaka kanisani. Umesikia?"

Nikampungia sweta nililokuwa nafuma. Lilikuwa la kijivu, limefika kifuani.

Basi siku ya kwanza tanuru likatoa moshi mweupe, mzito, wa matofali mabichi. Siku ya pili ukapungua. Siku ya tatu, alasiri, upepo wa kusi ukageuka ghafla, na mimi nilipofika mwisho wa mstari nikainua uso nikaona moshi wa Mama Neema umenenepa tena.

Nikasema moyoni, ameongeza kuni. Kisha nikasema, siku ya tatu mtu haongezi kuni, anaziba midomo ya tanuru. Kisha nikasema, chavua. Hilo neno lilitosha kunikalisha.

Nikaweka waya kwenye mguu wa moshi. Nikachukua sindano. Wadogo zangu, sijawahi kufuma mstari mrefu kama ule. Vidole vilikuwa baridi, uzi nauvuta kama nafunga mzigo wa kuni. Nilitaka kuinua uso katikati, nikajizuia. Nusu mstari, umewasumbua watu. Nikafika kitanzi cha mwisho. Nikaangalia.

Mguu wa moshi ulikuwa kwenye waya, pale pale. Nikashusha pumzi. Halafu nikaona mguu wa pili. Ulikuwa pembeni, mwembamba, wa rangi ya kahawia, na ulikuwa unaelekea kwenye paina za Mama Neema.

Nikabonyeza kitufe. Sauti ikagoma. Nilisimama pale mdomo wazi, nikamwona kabisa yule abiria wa dirishani ananitazama na basi linaondoka. Kilichotoka ni hiki:

"Tanuru... tanuru la Mama Neema linatembea."

Nikaachia kitufe. Redio ikajaa vicheko.

"Rudia, Mnara wa Kwanza," alisema Kaka Mgaya. "Tanuru limefanya nini?"

"Linatembea," akadakia kijana mmoja wa kikosi. "Linawahi treni Makambako!"

Kisha sauti ya meneja, taratibu. "Binti. Mama Neema alishatuambia sote. Ni tanuru."

Kaka Festo naye akasema, "Mnara wa Pili sioni kitu, kilima kinanikinga." Yaani nina mstari mmoja tu, na wa kwangu.

Sasa, redio koli ina tabia moja. Mtu mmoja akishikilia kitufe, wengine wote hawawezi kusema. Ninyi mngeitumia kwa utundu. Mimi niliitumia kwa woga. Nilikibana kile kitufe kwa vidole gumba vyote viwili, nisisikie kicheko kingine, na kwa kuwa nilikuwa nimekibana ilinibidi niseme kitu.

Nikasema, "Mama Neema alisema tanuru. Hakusema lina miguu miwili. Mguu mmoja umekaa na mwingine unakwenda. Nimefuma mstari mzima, nimeangalia, unakwenda. Unakwenda kwenye paina zake, na paina zake ndizo nyumba yake. Si chavua. Chavua ni ya njano, huu ni wa kahawia. Namba ya dira ni hii." Nikataja namba. Nikaitaja tena. "Piteni njia ya kisimani, ya juu ina lori la mbao limekwama tangu asubuhi, naliona. Na kama si moto nitashuka mwenyewe, wala msije kunishusha, nitashuka na sweta langu, ila njooni kwanza, njooni sasa hivi, naomba njooni."

Sikuwa nimewahi kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo. Nilipoishiwa pumzi vidole vikaachia.

Kisha Kaka Festo: "Mnara wa Kwanza, umemaliza? Muda wote huu nilikuwa nataka kukuambia kichwa cha moshi kimetokeza juu ya kilima. Namba yangu hii hapa, mistari imekutana bondeni kwa Mama Neema."

Na Kaka Mgaya, sauti inarukaruka kwa mashimo ya barabara: "Gari limeshatoka zamani, dada. Ulipofika kwenye miguu miwili tuliwasha. Tulikuwa tunasubiri unyamaze tukuambie."

Kutoka juu niliona yote, kama mtu anayeangalia sisimizi. Gari likapita njia ya kisimani. Vijana wakamwagika. Mbele yao tayari alikuwepo mtu mmoja, khanga kiunoni, anaupiga moto kwa tawi la mlingoti kama anamchapa mwizi. Sauti yake ilinifikia. Baba Neema alikuwa anakimbia na ndoo. Kumbe upepo ulipogeuka ulitoa kaa la moto mdomoni mwa tanuru ukalitupa kwenye nyasi. Moto ukashika kona ya paina, ukapanda miti ya pembeni, nikaacha kupumua. Halafu moshi ukawa mweupe. Mweupe maana yake maji. Nikapumua.

Kona ile iliungua. Shamba lililobaki lilisimama.

Jioni jua likiwa linashuka nyuma ya milima ya Livingstone, nikasikia mtu chini ya mnara. Alikuwa Mama Neema, uso mweusi kwa masizi, nyusi nusu.

"Wee!"

"Abee, mama!"

"Ulifuma mistari mingapi?"

"Mmoja!"

"Mmoja? Mbona kona yangu imeungua?"

Nikafikiri. Nikasema ukweli. "Nafuma polepole, mama!"

Akasimama ameshika kiuno. Nilidhani anakohoa moshi, kumbe anacheka. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Kisha akasema, "Shusha hilo sweta nilione."

Nikalishusha kwa kamba. Akalikunjua, akapitisha kidole gumba kifuani, mstari kwa mstari, mpaka akaufikia. Ulikuwa umekazwa kama waya wa kulengea, umelivuta sweta lote likafanya kiuno mahali pasipostahili kiuno. Akauangalia kwa muda.

"Usiufumue huu," akasema. Akalifunga kwenye kamba, akaenda kuziba tanuru lake.

Kesho yake meneja aliniletea betri mpya ya redio. Vijana wa kikosi walinipa jina, Tanuru Linatembea, na mpaka leo nikipita Njombe sokoni kuna watu wananiita hivyo na hawajui limetoka wapi. Mimi huitika.

Mnara sasa hauna mtu. Siku hizi kuna kamera kwenye mlingoti wa chuma, haisikii baridi, haihitaji choo, na picha zake zinaangaliwa ofisini mjini. Pia kuna kale kandege kanakolia kama nyuki. Sina ugomvi navyo, vinaona mbali kuliko mimi. Siku ya kufunga minara tuliitwa sote ofisini, na hapo ndipo nilipomwona Kaka Festo. Ile sauti ndefu ilikuwa inatoka kwa mtu anayenifikia begani. Alinisalimu, "Kamwene, Mnara wa Kwanza." Nikatafuta kitufe cha kubonyeza, sikukiona, ikabidi nijibu kwa mdomo.

Sasa yeye anauza maharage ya Mlangali soko la Makambako, na mimi nauza masweta meza ya pembeni. Yeye anaita wateja wa meza zote mbili. Mimi nafuma, na kila mwisho wa mstari nainua uso kuangalia sokoni.

Sweta lile la kijivu sikuliuza. Nimempa Mwalimu alilete leo darasani, na kama amevaa, avue. Lipitisheni dawati kwa dawati. Shikeni kifuani, mfumbe macho, mpitishe kidole gumba taratibu kutoka chini kwenda juu. Mtapita mistari laini, mingi, ya siku ambazo hakuna kitu kilichoungua. Kisha mtaufikia mmoja mgumu. Hapo nilikuwa nangoja kuangalia.

Msiuvute. Nyumba ya Mama Neema imeezekwa kwa mstari huo.